Tamka Neno Hili: Somo Kutoka Kivuko cha Ruhwa



 Somo la safari hii ni refu kidogo, nalo ni zito. Tunaziomba familia zilisome polepole, hata sehemu moja kila jioni, na vikundi vya nyumbani vilijadili kwa kutumia maswali yaliyo mwishoni.

Mafungu ya kusoma: Waamuzi 11:1-3 na 12:1-6, Mwanzo 9:18-27, Matendo 17:26, Wagalatia 2:11-14.

UTANGULIZI: MCHEZO WA WATOTO

Jumamosi moja baadhi yetu tulitoka kwenye mazoezi ya kwaya tukapita karibu na bomba la maji. Watoto walikuwa wanacheza. Wawili wao walishika fimbo wakaikinga njiani. Kila mtoto aliyetaka kupita aliulizwa, "Mama amepika nini leo?" Ilijulikana kwamba jibu ni viazi. Aliyesema ibirayi, kama wasemavyo watu wa Rwanda, alipelekwa upande huu. Aliyesema ibiraya, kama wasemavyo watu wa Burundi, alipelekwa upande ule. Kijana mdogo wa Kikongo alisema viazi, kwa Kiswahili. Huyo aliambiwa akae chini asubiri, kwa kuwa hawakujua wamweke wapi.

Tuliwauliza mchezo huo unaitwaje. Wakatujibu kwa furaha, "Bariyeri!" Yaani kizuizi cha barabarani.

Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amezaliwa mwaka 1993 wala mwaka 1994. Wengi wamezaliwa hapa hapa kambini na kwao hawajawahi kupaona. Basi ni nani aliyewafundisha? Hatukuwachapa wala kuwakemea. Tulirudi nyumbani kimya, maana jibu tulilijua. Wametusikia sisi.

Ndiyo sababu tumeandika somo hili. Tunataka kujua lile swali la kizuizini lilitoka wapi, lilifanya nini katika nchi zetu, na sisi tuliookolewa tulijibu namna gani mbele ya watoto wetu.

1. KIVUKO CHA YORDANI

Biblia inacho kisa cha kizuizi, na kizuizi hicho kiliwekwa mtoni.

Yeftha alikuwa mtu wa Gileadi. Ndugu zake walimfukuza nyumbani kwa sababu ya mama yake. Walisema hana urithi kati yao. Akakimbilia nchi ya Tobu. Kwa maneno ya leo, Yeftha alikuwa mkimbizi aliyefukuzwa kwa ajili ya uzao wake. Baadaye vita vilipowazidi, wale wale waliomfukuza walimwita awe kiongozi wao, naye akashinda.

Ndipo Waefraimu wakaja kugombana naye. Tazama mstari wa 4: waliwatukana Wagileadi kwa kuwaita watoro, watu wasio na kwao. Vita vikawaka kati ya ndugu na ndugu. Wagileadi wakashika vivuko vya Yordani. Kila aliyetaka kuvuka aliulizwa kama ni Mwefraimu. Akikana, aliambiwa atamke neno moja tu, Shibolethi. Waefraimu hawakuweza kuitamka "sh" ya mwanzo, walisema Sibolethi. Kwa kosa la herufi moja mtu aliuawa pale pale. Biblia inasema walianguka watu 42,000.

Tuyaangalie mambo matatu katika kisa hiki.

La kwanza, hawa hawakuwa watu wageni kwao kwa wao. Efraimu na Manase ni wana wa Yusufu, na Gileadi ni kitukuu cha Yusufu kwa Manase (Hesabu 26:29). Babu yao mmoja, lugha yao moja, Mungu wao mmoja. Kilichowatenganisha ni sauti ndogo ya ulimi.

La pili, neno lenyewe halikuwa na ubaya wowote. Shibolethi ni suke la nafaka, na pia laweza kuwa mkondo wa maji. Ni neno la shambani, kama viazi. Neno la chakula likageuzwa kuwa hukumu ya kifo.

La tatu, mstari wa 5 unawaita Waefraimu waliofika kivukoni watoro. Ni jina lile lile walilowatukania wenzao katika mstari wa 4. Waliocheka wakimbizi walifika mtoni wakiwa wakimbizi. Na aliyekuwa amefukuzwa kwa ajili ya uzao wake ndiye ambaye watu wake waliua kwa ajili ya uzao. Kuteswa hakumfanyi mtu kuwa mwenye haki moja kwa moja. Mtu aweza kutoka kwenye kizuizi cha wengine akaenda kujenga chake.

2. KIVUKO CHETU

Wengi wetu tunaufahamu mto Ruhwa. Si mto mkubwa. Unateremka kutoka milimani, unapita kati ya Bugarama upande wa Rwanda na Cibitoke upande wa Burundi, kisha unaingia katika mto Rusizi. Pale inapokutana mito hiyo miwili, nchi tatu zinakutana pia: Rwanda, Burundi na Kongo. Ni bonde la joto, lenye mpunga. Mtu aliyesimama kwenye mpunga upande mmoja aweza kumsikia anayeimba upande wa pili, na wimbo akauelewa.

Sehemu ile ya Cyangugu zamani iliitwa Kinyaga. Wanahistoria waliokaa na wazee wa Kinyaga wakawasikiliza wanatuambia jambo ambalo watoto wetu hawajalisikia. Kabla ya machifu wa mfalme Rwabugiri kuletwa huko kutoka katikati ya Rwanda, katika karne ya 19, majina Hutu na Tutsi hayakuwa na uzito mkubwa katika maisha ya watu wa Kinyaga. Mtu alijulikana kwa ukoo wake na kilima chake. Milimani juu ya bonde kulikuwa na falme ndogo za Bukunzi na Busozo, zenye wafalme wake wenyewe, na zilidumu hadi Wabelgiji walipozivunja kwa nguvu katikati ya miaka ya 1920.

Hapa tuwe wakweli. Hatusemi kwamba zamani kulikuwa paradiso. Chini ya Rwabugiri, Wahutu wa Kinyaga walianza kufanyishwa kazi ya lazima iliyoitwa uburetwa, na uchungu kati ya watu uliongezeka. Wakubwa na wadogo walikuwako, na Mutwa alidharauliwa na wote. Lakini majina yale yalikuwa bado na mlango. Mhutu aliyepata ng'ombe na cheo aliweza, baada ya muda, kuhesabiwa Mututsi. Kinyarwanda kinalo hata neno lake, kwihutura. Aliyefilisika aliweza kushuka.

Tena tufikirie neno ubwoko. Zamani ukimwuliza mzee wa Rwanda ubwoko wake, angekujibu kwa jina la ukoo: Umusinga, Umugesera, Umuzigaba. Na ndani ya ukoo mmoja walikuwamo Wahutu, Watutsi na Watwa pamoja. Swali lilikuwa lile lile tulilokuja kuulizwa vizuizini. Jibu ndilo lililobadilishwa.

3. ANDIKO LILIVYOPOTOSHWA

Nani alilibadilisha? Watu wengi wana sehemu yao. Lakini sisi Wakristo inatupasa kujua kwamba Biblia nayo iliingizwa katika jambo hili, tena kwa uongo.

Someni Mwanzo 9. Nuhu alilewa, mwanawe Hamu akauona uchi wake, na Nuhu alipoamka alitamka laana. Alimlaani nani? Si Hamu. Alimlaani Kanaani, mwana wa Hamu. Na rangi ya ngozi haikutajwa hata kwa neno moja. Hata hivyo, kwa miaka mingi wafanyabiashara ya watumwa na wahubiri waliowatetea walisema kwamba Waafrika ni wana wa Hamu, wamelaaniwa wawe watumwa.

Baadaye hadithi iligeuzwa. Jeshi la Napoleon liliingia Misri mwaka 1798, na wasomi wa Ulaya wakaona ukubwa wa kazi za Wamisri wa kale. Ikawawia vigumu kukubali kwamba Waafrika ndio walioyafanya hayo. Basi wakaanza kufundisha kwamba wana wa Hamu walikuwa jamii nyingine, karibu na wazungu, waliokuja Afrika kutawala watu weusi. Andiko moja likatumika kwa mambo mawili yanayopingana. Kwanza Hamu alikuwa mtumwa, halafu akawa mtawala. Ndugu, andiko linapotumiwa hivyo, ujue kwamba mtu anatafuta ruhusa ya jambo ambalo ameshaliamua moyoni.

John Hanning Speke, msafiri Mwingereza aliyefika Karagwe mwaka 1861, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1863 kwamba wafugaji waliotawala nchi za maziwa makuu walitoka Ethiopia. Rwanda yenyewe hakuingia. Lakini wazo lake lilitangulia, na Wajerumani, Wabelgiji na wamisionari wengi walipofika walilikuta linawangoja. Wakamwona Mututsi kama mgeni mtawala na Mhutu kama mtu wa kulima na kutii. Wataalamu wao walipima urefu, vichwa na pua. Katika karatasi zao hawakuandika ukoo wala kazi ya mtu. Waliandika kwamba hizi ni mbari tatu tofauti.

Tena halikubaki katika vitabu. Mwaka 1930 askofu Léon Classe aliionya serikali ya Kibelgiji isiwaondoe machifu wa Kitutsi na kuweka Wahutu. Shule kubwa ya Astrida, iliyoanzishwa mwaka 1929 katika mji tunaouita leo Huye, ilijaza wana wa Watutsi ili wawe makarani na machifu. Mfalme Musinga, aliyekataa kubatizwa, aliondolewa mwaka 1931 akapelekwa uhamishoni Kamembe, kule kule kwetu Cyangugu. Na kuanzia miaka ya 1930 kila mtu mzima alihesabiwa na kupewa kadi. Katika kadi hiyo paliandikwa Mhutu, Mututsi au Mutwa, na mtoto akachukua jina la baba yake. Mlango ukafungwa. Mtu aliyekuwa na majina kumi akabaki na moja.

4. MTO ULIOVUKWA PANDE ZOTE

Mwaka 1957 viongozi Wahutu wa Rwanda waliandika Manifesto yao. Malalamiko yao mengi yalikuwa ya kweli: kazi za lazima, shule, vyeo. Lakini waliomba pia kwamba majina yale yasifutwe katika vitambulisho. Waliokuwa wameumizwa na kadi waliishika kadi. Rwanda na Burundi zilipata uhuru siku moja, tarehe 1 Julai 1962, na kadi ya Rwanda iliendelea.

Sasa tuangalie Ruhwa ilivyovukwa. Kuanzia mwaka 1959 Watutsi wa Rwanda walivuka kwenda kusini. Mwaka 1972 Wahutu wa Burundi walivuka kwenda kaskazini, wakikimbia mauaji yaliyochukua watu 100,000 au zaidi, na hasa waliosoma. Mwezi wa Oktoba 1993 rais Melchior Ndadaye aliuawa Bujumbura. Watutsi wengi wakauawa vilimani, kisha Wahutu wengi wakauawa na wanajeshi, na mto ukavukwa tena. Mwaka 2015 Warundi wakavuka tena. Kila kizazi kilidhani ng'ambo ya mto ndiko kwenye usalama, na kila kizazi kilikutana njiani na nyayo za waliotoka huko.

Tarehe 22 Novemba 1992, kule Kabaya, mwanasiasa Léon Mugesera alihutubia mkutano akasema kwamba Watutsi warudishwe Ethiopia kwa njia ya mkato, kupitia mto Nyabarongo. Ethiopia! Miaka 129 baada ya kitabu cha Speke, wazo la msafiri lilirudi likiwa amri ya kuua. Mwaka 1994, kuanzia tarehe 7 Aprili hadi Julai, yalifanyika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Umoja wa Mataifa ulitaja watu wapatao 800,000; serikali ya Rwanda inasema ni zaidi ya 1,000,000. Wahutu waliokataa kuua nao waliuawa. Vizuizini watu waliombwa kadi, ile ile ya miaka ya 1930. Katika Cyangugu watu walikimbilia uwanja wa Kamarampaka na makanisa ya Shangi, Nyamasheke na Mibirizi. Mibirizi ni misheni ya mwaka 1903, kati ya zile za kwanza nchini. Waliokuja kuua wengi mno walikuwa wamebatizwa.

Moto haukuishia hapo. Mwaka 1996 na 1997 maelfu ya wakimbizi Wahutu, pamoja na wanawake na watoto, waliuawa katika misitu ya Kongo. Kule Kongo kwenyewe, sheria ya uraia ya mwaka 1981 ilikuwa imewanyang'anya wengi waliosema Kinyarwanda haki ya kuitwa wenyeji. Na tarehe 13 Agosti 2004, katika kambi ya Gatumba nchini Burundi, wakimbizi zaidi ya 150, wengi wao Banyamulenge, waliuawa usiku mmoja katika mahema yao. Februari 2025 makumi ya maelfu ya Wakongo walivuka Rusizi kuingia Cibitoke, wakalala katika uwanja wa Rugombo, si mbali na Ruhwa yetu.

Hatuyataji haya ili tuyaweke kwenye mizani na kusema yanalingana. Kila uovu una jina lake na wahusika wake, na mauaji ya kimbari yaitwe hivyo bila kuyapunguza. Tunayataja kwa sababu katika kanisa letu, kwenye benchi moja, wameketi watoto wa misiba yote hiyo. Na kila mmoja hujaribiwa kufikiri kwamba machozi ya kweli ni ya kwake tu.

5. WALIOKATAA KUTAMKA

Je, mtu aliye kizuizini aweza kufanya nini? Mwaka 1997 wanafunzi walitupa jibu, upande huu na upande ule wa mpaka.

Nyange, nchini Rwanda, ni mahali ambapo mwaka 1994 kanisa lilibomolewa kwa tingatinga juu ya watu waliokimbilia ndani. Miaka mitatu baadaye, usiku wa tarehe 18 Machi 1997, watu wenye silaha waliingia katika shule ya sekondari ya Nyange. Waliwaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Wanafunzi wakakataa. Walisema wao ni Wanyarwanda. Baadhi yao waliuawa, na Rwanda inawaheshimu leo kama mashujaa.

Wiki sita baadaye, tarehe 30 Aprili 1997, katika seminari ndogo ya Buta, Bururi, nchini Burundi, wauaji waliingia bwenini wakatoa amri ile ile. Vijana wakashikana, wakakataa kujitenga. Wanafunzi 40 waliuawa.

Ndugu, hawakuwa wachungaji wala wazee wa kanisa. Walikuwa vijana wa shule, umri wa watoto wetu wanaoimba kwaya. Hakuna aliyewafundisha ujasiri ule usiku ule ule. Kwa miezi na miaka walikuwa wamekula pamoja, wamelala chumba kimoja, wamesali pamoja. Saa ya kujitenga ilipofika, hawakujua pa kukata.

Na kinyume chake ni kweli. Kizuizi hakianzi barabarani. Kinaanza mezani.

6. JE, TUACHE ASILI YETU?

Wazee wengine watasema, "Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Mnataka tusahau tulikotoka?" La, hasha. Matendo 17:26 inafundisha kwamba Mungu alifanya mataifa yote kutoka kwa mmoja, naye ndiye aliyeweka nyakati zao na mipaka yao. Ufunuo 7:9 unatuonyesha kabila na lugha mbele ya kiti cha enzi, hazikufutwa mlangoni. Paulo alijua kwamba ni Mbenyamini (Wafilipi 3:5), na alipotaka kupigwa mijeledi alitaja uraia wake wa Kirumi (Matendo 22:25). Asili ni zawadi. Imba nyimbo za kwenu, wafundishe watoto lugha yako, waambie jina la kilima chenu.

Shida ni pale jina moja linapoyameza mengine yote. Mtu ni mama, ni mkulima, ni fundi cherehani, ni jirani aliyekupa chumvi, ni mwenye sauti ya tatu katika kwaya, ni mtoto wa Mungu. Kizuizi huuliza jina moja tu na kuyatupa mengine majini.

Mataifa nayo yametafuta njia. Ukisimama Ruhwa unaziona mbili. Upande wa kaskazini, baada ya mwaka 1994, Rwanda iliondoa majina yale katika kitambulisho. Upande wa kusini, baada ya mapatano ya Arusha ya Agosti 2000, Burundi iliamua kuyahesabu wazi ili pasiwe na wa kutengwa: Katiba ya 2005 iliweka Wahutu 60 na Watutsi 40 kwa mia katika serikali na Bunge, nusu kwa nusu katika jeshi na Seneti, na viti vya Batwa. Katiba ya 2018 iliendelea na mgawanyo huo. Moja ilifuta, nyingine ilihesabu. Sisi si wanasiasa wa kusema ipi ni bora. Tunaona tu kwamba sheria yaweza kufuta neno katika karatasi na isilifute katika ulimi. Na yaweza kugawa viti sawasawa na isiwafanye watu wapendane. Januari 2024 Burundi ilifunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda, na familia za pande mbili za Ruhwa zikabaki zinatazamana ng'ambo ya maji. Kazi ya moyo imeachiwa kanisa na wazazi.

7. TUFANYE NINI?

Kwanza, tuchunge ulimi nyumbani. Watoto hulala karibu nasi. Ukuta wa turubai hauzuii neno. Tusiseme "watu wale" wala "mnawajua walivyo". Mtoto akiuliza habari za vita, aambiwe kweli kwa kadiri ya umri wake: nani alifanya nini, wapi, lini. Aliyetenda dhambi ana jina lake mwenyewe, na jina hilo si kabila.

Pili, tuchunguze meza zetu. Petro alikuwa akila na watu wa mataifa, lakini walipofika watu wa kwao alijitenga, na Paulo akamkemea mbele ya wote. Hakuwa amebadilisha mahubiri. Alibadilisha mahali pa kukaa. Sisi je? Wako kati yetu wasiokunywa katika kikombe alichonywea Mutwa, na Jumapili wanapokea Meza ya Bwana. Hilo liishe.

Tatu, tuwe wanyofu katika uchaguzi wa kanisa. Tunakiri: mara ya mwisho tulipochagua wazee, baadhi yetu tulihesabu kabla ya kuomba. Tuliuliza "wa kwetu ni wangapi" kabla ya kuuliza nani anamcha Mungu. Bwana atusamehe.

Nne, tusizuie ndoa ya vijana waliookoka kwa sababu ya asili tu. Mzazi ana haki ya kuuliza tabia, kazi na imani. Lakini asiweke fimbo njiani na kuuliza viazi vinaitwaje.

Tano, tutofautishe maswali. Afisa anayekusikiliza akikuuliza ulikimbia kwa sababu gani, sema kweli, hata kama sababu ni kabila lako. Swali hilo ni la kukulinda. Linalotupasa kulikataa ni swali linaloulizwa ili mtu afungiwe njia, iwe kwenye mgao, kwenye bomba, au kwenye mlango wa kanisa.

MWISHO

Jumamosi iliyofuata tulirudi pale bombani na sufuria kubwa ya viazi vya kuchemsha. Tukawaita wale watoto wote wakae kwa duara. Kabla ya kula, kila mmoja alifundisha wenzake anavyoviita kwao: ibirayi, ibiraya, viazi. Wakacheka sana kwa jinsi walivyokosea. Hakuna aliyeondolewa kwa kukosea. Yule kijana wa Kikongo ndiye aliyetangulia kujibu, akala viwili.

Hatusemi kwamba jambo limekwisha. Ni sufuria moja tu. Lakini samaki mkunje angali mbichi.

MASWALI KWA VIKUNDI VYA NYUMBANI

1. Katika Waamuzi 12, nani alianza kosa? Je, kujua jibu kungewafufua wale 42,000?
2. Kila mtu ataje majina matano yanayomweleza, bila kutaja kabila wala nchi. Tumejifunza nini kipya juu ya mwenzetu?
3. Ni maneno gani tuliyosikia kwa wazazi wetu ambayo hatutaki watoto wetu wayarithi?
4. Je, kuna mtu katika kijiji chetu ambaye hatujawahi kula naye? Kwa nini?
5. Vijana wa Nyange na Buta waliandaliwa na nini? Sisi tunawaandaa wetu kwa nini?

TUOMBE

Ee Bwana, wewe unatujua kwa jina tangu kabla ya kadi yoyote kuandikwa. Uwakumbuke waliobaki mitoni na vilimani, ambao hatukuwazika. Uwape toba waliomwaga damu, na uwape kweli na faraja waliofiwa. Uondoe fimbo tuliyoikinga njiani, ile tunayoiona na ile tusiyoiona. Watoto wetu wakiulizwa wao ni nani, uwape jibu lisilomwua mtu. Katika jina la Yesu. Amina.